Mwalimu Aliyetukataza Kusema Hakuna

Mwalimu wetu hakuwa mpole. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi kila nikikutana na mtu aliyesoma kwake naambiwa, "Ah, yule mzee, mpole kama nini!" Mpole wapi? Mtu aliyemtoa Nassoro darasani kwa kumshika sikio, Nassoro mwenyewe ana mke na watoto, eti kwa sababu amesema "karibu sawa"? Kama huo ndio upole, basi mimi sijui upole.

Sasa waliokuwa wanafunzi wake wanaandaa sherehe ya kumuenzi, maana bado yu hai, na wameniomba niandike maneno mawili matatu. "Mazuri mazuri tu, dada," waliniambia, "na weka ucheshi kidogo." Nimeandika haya. Wakiyasoma mbele za watu, sawa, mradi mama yangu asiwepo. Wasipoyasoma, shauri yao.

Alizaliwa wapi sijui, ukoo wake siujui, wala sijawahi kuuliza. Namjua kuanzia kile chumba cha juu ya duka la vitenge, Kariakoo, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi. Ilikuwa miaka ile milango ya nchi imefunguliwa na kila kitu kinaingia: mitumba, redio, magari yaliyochoka, kompyuta zilizotupwa na maofisi ya Ulaya. Hospitali za watu binafsi nazo zikafunguliwa. Mojawapo, ambayo mimi nilikuwa mpiga eksirei wake, ikaleta mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya kichwa kwa sumaku. Mwenye hospitali alifurahi kweli. Alipiga picha amesimama kando yake kama bwana harusi. Ila kuna jambo moja hakulifikiria: nani atazisoma hizo picha?

Ndipo akatokea mwalimu, katoka kusoma ng'ambo na boksi la CD zenye picha za vichwa vya watu. Akabandika kadi ya manila mlangoni: TAKWIMU ZA PICHA ZA UBONGO, KWA WANAOANZA. Mwenye duka la chini, mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Kariakoo hapo hapo na anayejua matusi ya mtaani kuliko makuli, aliisoma ile kadi akadhani ni kliniki ya vichaa. Mwezi mzima alikuwa anatupandishia watu. "Mwalimu! Nimekuletea mwingine, huyu anaongea peke yake!" Na mwalimu badala ya kuwarudisha anawakalisha chini, anawauliza wanaonaje mchoro ulioko ubaoni. Mmoja alibaki na sisi mpaka mwisho wa kozi ya kwanza. Alikuwa anaelewa kuliko daktari mmoja tuliyekuwa naye, simtaji.

Somo lenyewe, kwa asiyelijua, liko hivi. Mashine inakigawa kichwa kwa picha katika vijipande vingi sana, kama sinia la kashata lililokatwa. Kila baada ya muda mfupi inapiga tena. Mtu akifikiri jambo, damu inakimbilia sehemu fulani ya ubongo, na vijipande vya pale vinang'aa kidogo, tena kwa kuchelewa. Kwa hiyo unamwambia mgonjwa: fikiria kitu fulani. Halafu: pumzika. Halafu: fikiria tena. Wewe unachora kwenye karatasi jinsi unavyotegemea mng'ao upande na kushuka. Huo mchoro ndio modeli. Kisha unakiendea kijipande kimoja kimoja na kukiuliza, wewe unafuata mchoro wangu au una mambo yako?

"Modeli ni matarajio yako," alikuwa anasema huku anazunguka pekupeku, maana viatu alikuwa anaviacha mlangoni kama msikitini. "Kinachobaki nje ya modeli ni ujinga wako. Andika vyote viwili. Ukificha ujinga wako nitaujua, na nitautangaza."

Na alikuwa anautangaza kweli. Siku moja alitupa CD, akasema huyu ni mgonjwa, tafuteni kama anafikiri. Tulikesha nayo kwenye zile kompyuta mbovu zinazozima zenyewe. Nassoro akaja kifua mbele na picha yenye madoa mekundu. "Mwalimu, huyu anafikiri. Hapa mbele, na hapa pembeni. Nadhani anakumbuka jambo la kumsikitisha."

Mwalimu akainama akaitazama. "La kumsikitisha?"

"Ndiyo, mwalimu. Labda msiba."

"Pole yake," mwalimu akasema. "Hilo ni dumu la maji, Nassoro. Dumu! Walilipiga picha kujaribu mashine. Dumu lako limefiwa na nani?"

Tulicheka mpaka mama wa vitenge akapanda kuuliza kuna nini. Nassoro hakucheka. Ndipo mwalimu akatueleza kwa namna ambayo sijaisahau.

"Nenda simama pale Msimbazi saa sita mchana, ita Juma kwa nguvu zako zote. Watageuka wangapi?"

"Wengi, mwalimu."

"Ndiye Juma wako hao wote? Basi vijipande vya kichwani ni vingi kuliko watu wa Kariakoo. Ukiita, vingine vitageuka tu, bila hata kukusikia. Weka mstari wako juu, ule wa kusema huyu kageuka kweli. Anayegeuka nusu nusu, mwache aende zake."

Tukaandika. Tukadhani kaishia hapo, tukaanza kufunga mikoba.

"Kaeni chini! Nani kawaambia mwende? Sasa umeita Juma, na hakuna kichwa kilichogeuka. Juma yupo au hayupo?"

Tukajibu kwa pamoja, "Hayupo."

Alipiga meza, chai ikamwagika. "Wehu! Labda kuna duka linapiga muziki. Labda kabeba gunia kichwani hawezi kugeuza shingo. Labda kakusikia na hataki maneno yako. Wewe umefanya nini? Umeita, na hukuona aliyegeuka. Basi sema hivyo! Sema sikuona. Mtu akisema 'hakuna' ndani ya chumba hiki, atoke na asirudi."

Hakuwa anatania. Yule daktari nisiyemtaja alitolewa kwa neno hilo hilo. Mimi mwenyewe nilirudishiwa zoezi langu likiwa limechanwa katikati, kwa sababu nilikuwa nimeandika, "hakuna shughuli upande wa kushoto." Nililia ngazini. Nalisema wazi: nililia, nikamtukana kimoyomoyo, na kesho yake nikarudi.

Mtu huyo huyo mkali wa kweli alikuwa mwongo wa kupindukia kwenye mambo madogo. Alikuwa anachelewa kila jioni na kila jioni ana sababu mpya, mara foleni ya pantoni Magogoni, naye wala hakai Kigamboni. Kwenye nyanya alikuwa balaa. Anasimama mbele ya fungu anamwambia muuzaji, "Umepanga nzuri juu, mbovu chini. Huu ni wastani au utapeli?" Muuzaji anamjibu, "Mzee, nunua au pisha." Ananunua, tena hapunguziwi hata kidogo, kisha anajisifu kwetu kwamba kapunguziwa. Alisema hapendi watu wanaojionyesha, na suti yake ya Kaunda aliinyoosha mikunjo ikakaa wima kama wembe.

Aliyemuweza ni mmoja tu, mkewe. Mama mwalimu alikuwa anakuja na chupa ya chai ya tangawizi na vitumbua, anakaa dirishani anashona, hasemi neno. Mwalimu akipandisha sauti kupita kiasi, mama bila kuinua macho anasema, "Inatosha, baba. Wana kazi kesho." Na yule simba ananyamaza, anafuta ubao taratibu kama mtoto aliyeagizwa. Tulikuwa tunampenda mama yule kwa hilo. Nadhani na yeye mwalimu alikuwa anampenda kwa hilo hilo.

Sasa nije kwenye langu.

Kaka yangu alikuwa na kibanda cha vipuri vya magari mtaa wa Gerezani. Sisi ni watu wa kusini, tumekuja mjini na mama baada ya baba kufariki, na kile kibanda ndicho kilichotusomesha. Kaka alikuwa na sauti. Anauza kwa mdomo, anaita wateja kutoka ng'ambo ya barabara kwa majina aliyowabandika mwenyewe. Siku moja walikuwa wanashusha injini kwa mnyororo, mnyororo ukakatika, injini ikambamiza kichwa. Hakufa. Alifungua macho baada ya muda, yakawa yanatazama juu tu, na mtu mwenyewe hajibu.

Mama hakuondoka pale kitandani. Anamwosha, anamsalimia asubuhi, "Umeamkaje mwanangu," anamsimulia nani kapita kuuliza hali, nani kazaa, mvua imenyesha wapi. Anaongea mpaka sauti inamkauka. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, akaanza kunong'ona kwamba shemeji anaongea na gogo. Mama akaniita pembeni. "Wewe uko na mashine zenu. Niulizie kitu kimoja tu. Mwanangu ananisikia?"

Nilimfuata mwalimu. Na nisimdhulumu, alikuja siku hiyo hiyo, akafanya kazi kwa moyo wake wote. Aliuliza kaka anapenda kufanya nini. Nikasema, kuita wateja. Basi akaamua tumwambie afikirie anaita wateja kibandani, halafu apumzike, kwa zamu. Sauti ya kumwambia iwe ya mtu anayemjua. Nikarekodi mimi: "Kaka, ita wateja. Kaka, pumzika." Tukamwingiza kwenye mashine na spika za masikioni, nami nimesimama nyuma ya kioo nasikia sauti yangu inamwomba.

Tukachambua. Mwalimu aliuweka mstari juu, palepale anapouweka siku zote. Hakikuonekana kitu. Nikamwomba aushushe kidogo. Akanitazama kwa jicho lile la dumu la maji, sikurudia. Na alikuwa na haki, hapo simlaumu. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na yeye alilijua kwa sababu nilimwambia kwa mdomo wangu: kaka siku ile alikuwa amepewa dawa ya degedege, ile inayolaza. Huenda alikuwa amelala tu! Huenda aliita na mng'ao ukawa mdogo kuliko mstari. Nani ajuaye? Kitu cha kusema kilikuwa kimoja na alitukaririsha mwenyewe miaka yote ile.

Tulimkuta mama kwenye benchi la nje. Akasimama, akamshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, niambie. Yupo au hayupo?"

Mwalimu akamwambia, "Hakuna kitu, mama."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikasema, "Mwalimu!" Hakugeuka. Nikamwambia mama, si hivyo mama, maana yake hatukuona tu, tunaweza kumrudia akiwa hajapewa dawa. Mama akaniangalia kwa huruma, mimi ndiye ninayehurumiwa sasa. "Mwanangu, wewe ni mwanafunzi," akasema. "Huyu ndiye mwalimu wako." Na mwenye hospitali alipoombwa kurudia kipimo akasema mashine si ya mazoezi, ina wateja wanasubiri. Soko huria hilo.

Kuanzia siku ile mama akaacha kuongea. Anamwosha kaka kama kawaida, anamgeuza, anamlisha kwa mpira, yote kwa mikono safi na mdomo umefungwa. Salamu ya asubuhi ikaisha. Watu wakija wanaongea habari zao juu ya kitanda chake kama hayupo. Baba mdogo akaja na wenzake wakakaa pale pale, miguu inagusa godoro, wakazungumzia kibanda. Nani atakishika. Bidhaa ziende wapi. Wakazungumzia azikwe hapa au asafirishwe kusini. Macho ya kaka yako wazi! Nikawafokea, wakaniambia nisilete usomi. Wakamuuliza mama. Mama akasema, "Chukueni. Yeye hana haja nacho tena."

Aliyasema hayo akiwa ameushika mguu wa mwanawe.

Mimi niliendelea kuongea naye, kila nikitoka kazini, hata wakaniona nimechanganyikiwa. Nikamweleza habari za Gerezani, nikamwambia wateja wanamuulizia. Hakutoa dalili. Aliishi hivyo kwa miezi, kisha nimonia ikamchukua. Mwalimu alikuja mazishini, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Darasani sikurudi tena.

Kwa hiyo wanapomsifu kwa kusimamia ukweli, mimi damu inachemka. Ukweli gani? Alikuwa mkali kwetu, watu wazima tuliokuja na kalamu zetu, akatuchania mazoezi kwa neno moja. Na neno hilo hilo alimpa mama yangu, mwanamke asiye na pa kulikatia rufaa. Mwanafunzi angekosea vile angetolewa nje. Yeye nani alimtoa?

Miaka ikapita. Nikasikia mama mwalimu kapigwa na kiharusi, hasemi, hatambui. Nilikataa kwenda. Kisha nikakumbuka vile vitumbua, nikaenda kwa ajili yake, si kwa ajili ya mzee.

Wanakaa Gerezani, nyumba za zamani za upande wa reli. Nilimkuta mwalimu kando ya kitanda, kazeeka, viatu viko mlangoni, anaongea. Anamwambia mkewe bei ya vitunguu imepanda, na kwamba kuna muuzaji leo kampunguzia. Bado mwongo yule yule.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu. Mke wangu, unaona nani kaja? Yule binti wa eksirei. Msalimie, binti, anasikia."

Nikamsalimia mama mwalimu. Macho yake yalikuwa yanatazama dari, kama ya kaka. Nikabaki nimesimama, hasira zote zile zinanipanda upya.

"Umempeleka kwenye mashine?" nikauliza.

"Hapana."

"Kwa nini? Wanafunzi wako ndio wenye mashine zote mjini. Nassoro atakupimia leo leo."

"Sitaki."

"Hutaki nini, mwalimu?"

Alinyoosha shuka la mkewe, halafu akasema taratibu, "Sitaki mtu aje aniambie hakuna."

Ee! Nilipasuka. Sikujali mgonjwa, sikujali uzee wake. Nikamwambia, na mama yangu je, yeye alitaka? Wewe unajua la kukwepa, yeye hakujua. Wewe unamsimulia mkeo bei za vitunguu, yeye ulimfunga mdomo. Mwanawe aligawiwa mali yake akiwa anatazama! Ulishindwa nini kusema hukuona? Neno lako mwenyewe! Ulitutoa nje kwa neno lile!

"Nilijua wakati nalisema," akasema. "Mama yako alinishika mkono, nikamwona jinsi alivyochoka. Alikuwa anataka yupo au hayupo. Ningemwambia sikuona, angekaa pale anaongea mpaka afe yeye kwanza. Nikampa jibu la kumpumzisha."

"Nani alikwambia umpumzishe?"

"Hakuna mtu aliyeniambia." Akamtazama mkewe, akapangusa mdomo wake kwa kitambaa. "Nimelifikiria kila siku tangu huyu alale hapa. Nilikosea."

Kisha akainuka. Akachukua kofia yake ukutani, akamwambia mkewe anatoka kidogo, akaanza kuvaa viatu huku ameshika ukuta. "Mama yako bado yuko Ilala? Twende. Nitamwambia mwenyewe, leo, kwamba sikujua. Kwamba mwanawe huenda alikuwa anasikia."

Miaka yote nilikuwa nalitaka hilo. Nililipanga kichwani, jinsi atakavyosimama mbele ya mama, jinsi atakavyoona haya. Na sasa mzee yuko mlangoni, kiatu kimoja kimeingia, na mimi namwona mama yangu ameshika ule mguu, namsikia anasema chukueni, yeye hana haja nacho tena.

Nikauwahi mlango nikauziba. "Kaa chini."

"Binti, niache niende."

"Kaa chini, mwalimu! Usithubutu. Ukimwambia hilo utamuua."

Alinitazama, akaelewa. Akavua kiatu. Akarudi kitandani kwa mkewe, na mimi nikaondoka bila kuaga, nimemfunga mtu mdomo kwa mikono yangu na bado nataka kumpiga.

Jioni nilipita kwa mama. Alikuwa anachambua mchele ukumbini. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia kwa mwalimu, mkewe ni mgonjwa.

"Masikini. Na mwalimu mwenyewe hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Mungu amlinde," mama akasema, akapeta mchele kidogo. "Mtu wa kweli yule. Asingeniambia vile, mpaka leo ningekuwa najiuliza kama mwanangu alinisikia."

"Ndiyo, mama," nikasema, nikaketi kumsaidia kuchambua.